Injini ya .40 Inataka Propela Gani? Mwongozo kwa Wanaoanza Kurusha Ndege Ndogo Lubumbashi

Kiangazi kikiingia na watu wakatoa ndege zao ndani, maswali ni yaleyale. "Nina .46, nifunge propela gani?" "Jamaa ana .40 na ndege yake inapanda kuliko yangu ya .61, injini yangu ina ubovu gani?" Na lile linalorudi kuliko yote: "Ndege hainyanyuki, ninunue injini kubwa zaidi?"

Hilo la mwisho jibu lake karibu kila mara ni hapana. Nunua propela tatu za vipimo tofauti na takometa moja. Zote pamoja hazifikii nusu ya bei ya injini mpya, na ukimaliza kuzijaribu utajua kama kweli injini ni ndogo au ulikuwa umeibebesha mzigo usio wake.

Mwongozo huu ni wa injini ndogo za methanoli zenye buji ya glo (buji ambayo waya wake hukaa ukiwa mwekundu kwa moto, haitoi cheche), zile za ndege za kuongozwa kwa redio. Mota za umeme zina hesabu zake na sitazigusa. Nimeandika nikifikiria hewa ya hapa kwetu, kwa sababu vitabu vya injini hizi vimeandikwa na watu wanaorusha karibu na bahari.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Injini yako na kitabu chake. Kama kitabu kimepotea, tafuta nakala kwa jina kamili la injini. Watengenezaji wengi wameziweka kwenye intaneti.
- Propela tatu angalau: ya kawaida ya injini yako, moja nyepesi kidogo na moja nzito kidogo. Usije uwanjani na moja tu.
- Takometa ya macho, ile unayoielekeza kwenye propela ikakusomea mizunguko kwa dakika.
- Mizani ya kuning'iniza, kama ya wauza samaki, na kamba imara ya mita mbili.
- Kifaa cha kusawazishia propela. Chuma chembamba kilichonyooka, kilichokaa juu ya kingo mbili zilizo sawa, kinatosha.
- Spana ya nati ya propela inayoingia sawasawa. Koleo hapana.
- Miwani ya kukinga macho, na fimbo ya mpira au glavu nene ya kuwashia kama huna stata.
- Mafuta: methanoli, oili kiasi cha asilimia 18 hadi 20, na nitromethani asilimia 5 hadi 15.
- Daftari. Wengi hupuuza hili, kisha mwezi unaofuata wanauliza tena swali walilokwisha kulijibu wenyewe.

Neno kuhusu mafuta kabla hatujaendelea. Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo tu kinaweza kupofusha mtu au kumuua, na mwali wake mchana hauonekani. Mjini kwetu kila kitu huwekwa kwenye chupa za maji zilizokwisha kazi. Mafuta haya usiyaweke humo hata siku moja. Yapate bidoni lake lenye maandishi makubwa, na likae mahali ambapo mtoto hafiki. Usijaribu pia kuyapakia kwenye begi la ndege ya abiria, ni marufuku. Mizigo yetu ya namna hii huja kwa barabara.

Kidogo cha kuelewa

Namba iliyo kwenye injini, .15 au .40 au .61, inakuambia ujazo wa silinda na hakuna zaidi. Nguvu hutoka kwenye ujazo huo ukizidishwa na idadi ya mara injini inavyozunguka, na idadi hiyo huamuliwa na propela. Fikiria wale wanaosukuma baiskeli za makala kuingia mjini. Mtu ni yuleyule: mfungie gunia moja atakimbia, mfungie matano atasukuma akihema, na kwenye mlima atasimama. Propela ndiyo magunia.

Ndiyo maana nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye kasha huwadanganya wengi. Chukua O.S. .46 AX. Inatajwa kuwa na karibu nguvu za farasi 1.6, lakini hizo ni kwa mizunguko 16,000. Ukiifunga propela ya kawaida ya ndege ya kujifunzia itakuwa 12,000 hivi ikiwa chini. Zile 16,000 hutaziona, na sehemu ya zile nguvu za farasi hutaziona pia. Si hasara. Ndege ya kujifunzia haitaki makelele, inataka kuvutwa.

Sasa kazi.

Hatua ya 1: Geuza namba ya injini iwe cc

Namba ya zamani ni inchi za ujazo. Zidisha kwa 16.4 upate cc. Hivyo .15 ni 2.5 cc, .25 ni 4.1 cc, .40 ni 6.5 cc, .46 ni 7.5 cc, .61 ni 10 cc, na 1.20 ni karibu 20 cc. Injini za petroli kwa kawaida huandikwa cc moja kwa moja, kwa hiyo mtu akikuambia ana "20" na mwingine ana "1.20", ujazo ni karibu uleule.

Angalia pia kama injini yako ni ya mipigo miwili au minne. Ya mipigo minne hulipuka mara moja kila mizunguko miwili. Huzunguka polepole zaidi lakini hubeba propela pana. Injini ya .70 ya mipigo minne hufanya kazi ambayo wengi wangeipa .46 ya mipigo miwili. Usizilinganishe kwa namba peke yake.

Hatua ya 2: Soma namba za propela

Propela ya 10×6 ina kipenyo cha inchi 10 na hatua ya inchi 6. Kipenyo ni upana kutoka ncha hadi ncha. Hatua ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ngumu isiyoteleza.

Kipenyo kikubwa na hatua ndogo kinavuta kwa nguvu kwenye mwendo mdogo: ndege inaondoka mapema, inapanda vizuri, lakini haikimbii. Kipenyo kidogo na hatua kubwa ni cha mbio, na kwenye kuondoka huwa kizito. Anayejifunza hana haja ya mbio.

Hatua ya 3: Chagua propela ya kuanzia

Kitabu cha injini yako kinashinda orodha yoyote. Kama huna, anzia hapa:

- .15 ya mipigo miwili: 8×4
- .25: 9×4 au 9×5
- .40: 10×6, au 10×5 kama injini ni mpya
- .46: 11×5, 10×7, na 11×6 ikishalainika, yaani upya ukishaisha
- .61: 12×6 au 11×7
- .70 ya mipigo minne: 13×6
- .91 ya mipigo minne: 14×6

Kosa la kwanza la kila mtu liko hapa: kuona propela kubwa imejaa vizuri mbele ya ndege, ukaipenda kwa macho. Inchi moja ya kipenyo ni nyingi mno, na Hatua ya 8 ya mwongozo huu itakuonyesha ni nyingi kiasi gani.

Kosa la pili ni kununua propela za ndege za umeme kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni nzuri. Nyingine ni nyembamba na hazikutengenezwa kustahimili mtikisiko wa injini. APC wana kanuni zao: kwa propela zao za injini, gawanya 190,000 kwa kipenyo upate mizunguko ya juu kabisa inayoruhusiwa; kwa zile nyembamba za ndege za umeme za polepole, gawanya 65,000. Propela ya inchi 10 ya aina hiyo ya pili mwisho wake ni 6,500. Injini ya .40 itaipita kabla hujafungua gesi yote, na vipande vitakuja kukutafuta.

Hatua ya 4: Ichunguze, isawazishe, uifunge

Pitisha kidole kando ya kila bapa, polepole. Ufa, kovu au weupe karibu na kitovu maana yake haifungwi. Kisha isawazishe. Bapa likishuka ndilo zito. Lisugue upande wa mbele kwa msasa laini, kidogo kidogo, mpaka propela ikae popote unapoiacha. Usikate ncha. Ukikata ncha ya bapa moja umebadilisha kipenyo upande mmoja, na mtikisiko utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa.

Tundu likiwa dogo kuliko shafti, tumia kifaa cha kupanulia tundu chenye ngazi. Kisu au drili ya mkononi hupeleka tundu pembeni, na hapo usawazishaji wote ni bure. Injini nyingi za .40 na .46 zina shafti ya robo inchi, yaani milimita 6.35, za .61 mara nyingi ni milimita 7.9.

Kaza nati kwa nguvu ya mkono na spana. Baada ya kuwasha mara ya kwanza zima, ngoja ipoe, kaza tena. Propela ya mbao ikaguliwe kila asubuhi ya kiangazi, maana ukavu wa Juni hadi Septemba huifanya mbao isinyae na nati ibaki imelegea bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Washa na urekebishe mchanganyiko

Funga ndege isiende popote, au mwenzako aishike kwa nyuma. Ondoa kitambaa shingoni, ondoa kamba ya redio inayoning'inia. Watoto watakuja, hilo halina shaka. Wasimame nyuma ya ndege, mbali. Ncha ya propela ya inchi 10 kwenye mizunguko 12,000 inakwenda mita 160 kwa sekunde, karibu kilomita 575 kwa saa. Hakuna anayesimama ubavuni mwa propela usawa wa mabapa yake, hata fundi.

Fungua sindano ya kabureta kama kitabu kinavyosema, kwa kawaida kati ya mizunguko miwili na miwili na nusu. Washa, iache ipate joto nusu dakika, fungua gesi yote, hamia nyuma ya propela, ondoa klipu ya buji, ile inayoipa umeme wa kuwashia. Kisha funga sindano taratibu, ukisikiliza. Sauti itapanda, itafika kilele. Hapo rudisha nyuma, fungua mpaka takometa ishuke mizunguko 300 hadi 500 chini ya kilele. Hapo ndipo unaporuka. Usiruke kwenye kilele kwa sababu tu sauti yake inapendeza: angani propela hupata nafuu, injini inazidi kukimbia, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani mafuta machache kwa hewa iliyopo, na buji au pistoni inalipa.

Hakiki kwa njia mbili. Bana mpira wa mafuta kwa vidole na uachie papo hapo: injini ikipanda kidogo ndipo ishuke, mafuta yanatosha, ikishuka moja kwa moja, ni kavu. Halafu inua pua ya ndege juu kwa sekunde kadhaa huku gesi imefunguka yote. Ikilegea au kukohoa, fungua sindano zaidi.

Injini mpya isiyo na ringi, ile ya ABC ambayo silinda yake imebana juu, usiilainishe kwa kuizungusha polepole ikiwa imejaa mafuta na baridi kwa saa nzima kama wazee walivyofanya na injini zao za ringi. Ya ABC inataka joto. Ifungie propela nyepesi, iache izunguke kwa kasi lakini mchanganyiko ukiwa na mafuta ya ziada, kwa vipindi vifupi.

Hatua ya 6: Pima mizunguko

Kwanza hakiki takometa yenyewe. Iweke kwenye mabapa mawili, ielekeze kwenye taa ya mrija ya neon yenye balasti ya zamani wakati umeme wa SNEL upo. Umeme wetu ni hezi 50, taa inamweka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo takometa nzima itasoma 3,000. Usifanye hivi kwenye taa inayowashwa na jenereta ya jirani. Hezi zake hupanda na kushuka kila mtu akiwasha pasi.

Sasa pima injini, gesi yote, mchanganyiko ukiwa umerekebishwa. Ndege ya kujifunzia yenye .40 na 10×6 ikisoma kati ya 11,000 na 12,500, mzigo umekaa sawa. Ya .61 na 12×6 itegemee 10,500 hadi 12,000. Ya mipigo minne, 9,000 hadi 10,500. Chini sana ya hapo mzigo ni mzito. Juu sana ni mwepesi.

Huna takometa? Programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti itasaidia. Injini ya mipigo miwili kwenye 12,000 inapiga mara 200 kwa sekunde, hivyo utaona kilele kwenye hezi 200, na kingine kwenye 400 kinachotoka kwenye mabapa mawili. Zidisha ile ya kwanza kwa 60. Ukichanganya hizo mbili utapata mizunguko 24,000, ukafurahi bure.

Hatua ya 7: Pima nguvu ya kuvuta

Funga kamba kwenye sehemu imara ya nyuma ya ndege, upande mwingine mizani, mizani kwenye kigingi. Ndege iwe kwenye sakafu laini. Gesi yote, soma kilo, andika pamoja na mizunguko na propela.

Ndege ya kawaida ya kujifunzia ya .40 ina uzito wa kilo 2.3 hadi 2.7. Ikivutwa kwa nusu ya uzito wake itaruka kutoka lami ndefu. Viwanja vyetu si hivyo. Vingi ni nyasi, na mwisho wake kuna kichuguu kirefu kuliko mtu, kingine kirefu kuliko nyumba. Mimi nisingeridhika na chini ya theluthi mbili.

Angalizo moja: propela yenye hatua kubwa, tuseme 10×8, husoma vibaya kwenye mizani kwa sababu ndege ikisimama mabapa yanakata hewa kwa pembe kali mno. Angani inaamka. Kwa hiyo mizani ni ya kulinganisha propela zinazokaribiana hatua, isiwe hakimu wa kila kitu.

Hatua ya 8: Badilisha propela kwa hesabu

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi ya hatua nyingine zote. Mzigo wa propela, kwa mizunguko ileile, hufuata kipenyo kikizidishwa mara nne chenyewe kwa chenyewe, kisha kuzidishwa na hatua. Chukua 10×6: 10 × 10 × 10 × 10 × 6 ni 60,000. Toa sifuri tatu, uite 60. Fanya hivyo kwa nyingine:

- 9×7: 46
- 10×5: 50
- 11×4: 59
- 10×6: 60
- 10×7: 70
- 11×5: 73
- 11×6: 88
- 12×6: 124

Tazama 11×4 na 10×6. Mzigo karibu sawa, tabia mbalimbali kabisa. Tazama tena 10×6 na 12×6. Inchi mbili tu, na mzigo umezidi maradufu. Ndiyo maana .40 iliyofungwa 12×6 kwa sababu "ni inchi mbili tu" hunguruma, huchemka na haipandi.

Kwenye propela ileile, nguvu inayohitajika hupanda kwa mizunguko ikizidishwa mara tatu yenyewe kwa yenyewe. Kutoka 10×6 kwenda 11×6, hata kama injini ingetoa nguvu zilezile, 12,000 ingeshuka hadi 10,600 hivi. Na kwa kuwa injini ya mipigo miwili hupoteza nguvu ikishushwa mizunguko, itashuka zaidi.

Kanuni ya mfukoni: ukiongeza inchi moja ya kipenyo, punguza hatua kwa inchi moja hadi mbili. Ukitaka mabapa matatu, punguza kipenyo kwa inchi moja na uache hatua. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na hesabu hii ilinganishe propela za mtengenezaji mmoja. 10×6 ya mbao na 10×6 ya plastiki ya kampuni nyingine zinaweza kutofautiana mizunguko mia kadhaa, kwa sababu upana na umbo la mabapa si moja.

Hatua ya 9: Angalia kama mwendo unaitosha ndege

Zidisha mizunguko kwa hatua, kisha kwa 0.001524. Utapata kilomita kwa saa ambazo propela ingekwenda bila kuteleza. 10×6 kwenye 12,000 ni karibu 110. 11×5 kwenye 11,500 ni karibu 88. Ndege yako ikidondoka hewani chini ya 33 kwa saa, taka mwendo wa propela uwe mara mbili na nusu ya hapo au zaidi. Zote mbili zinapita. Kwa mwanafunzi ningechukua 11×5 bila kufikiri sana, kama injini ni .46 na inaifikisha kwenye mizunguko inayotakiwa.

Hewa ya Lubumbashi, na kwa nini kitabu kinakudanganya kidogo

Tuko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 10, hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ile ya kawaida ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32, ni karibu asilimia 19. Wenzetu wa Goma na Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, wako pabaya zaidi kwa joto lilelile.

Wengi husikia hayo wakasema: hewa ni nyepesi, basi propela nayo ni nyepesi, nifunge kubwa. Nusu yake ni kweli. Mzigo wa propela unapungua kweli, lakini injini nayo inavuta hewa hiyohiyo, na nguvu zake zinapungua kwa kiasi hicho au zaidi kidogo. Matokeo yake takometa husoma karibu namba zilezile za kitabu, na mtu anaridhika, kumbe nguvu ya kuvuta imeondoka na ile asilimia 19. Takometa haitakuambia hilo, mizani itakuambia. Juu ya hapo, mabawa nayo yanataka mwendo zaidi ili yabebe uzito uleule, kama asilimia 11 zaidi kwenye mchana ule wa Oktoba. Kuvuta kidogo, mwendo mwingi unaotakiwa, uwanja mfupi: ndiyo hadithi ya ndege nyingi zinazoishia kwenye kichuguu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama hujanunua injini na ndege imeandikwa ".40 hadi .46", nunua .46. Kama unayo tayari, baki kwenye mzigo wa kitabu lakini egemea kipenyo kikubwa na hatua ndogo, 11×4 mahali pa 10×6. Punguza uzito wa ndege kadiri uwezavyo. Sindano itafungwa zaidi ya kitabu kinavyosema, kwa sababu hewa chache inataka mafuta machache, na itataka kuguswa tena kati ya asubuhi na saa sita mchana. Nitromethani kutoka asilimia 5 hadi 15 hurudisha kidogo. Kuondoa shimu, kile kibati chembamba chini ya kichwa cha silinda ili kuongeza mgandamizo nimeona kukipendekezwa. Anayeanza akae nako mbali.

Rushia asubuhi. Ni kinga ya bure dhidi ya yote haya, na vumbi jekundu halijaamka. Injini hizi nyingi hazina chujio, na kila gramu ya vumbi inayovutwa ni msasa kwenye silinda. Weka turubai chini ya pua ya ndege unapowashia. Kuhusu mahali: mbali na uwanja wa ndege wa Luano na njia zake za kutua, na kwa ruhusa ya wenye eneo na ya wakuu wanaohusika, kabla ya kufika na si baada ya polisi kufika.

Ikigoma

*Inapanda vizuri sekunde kumi, kisha inalegea.* Kwanza fungua sindano. Ikiendelea, mzigo ni mzito: shuka hatua kwa inchi moja au kipenyo kwa inchi moja.

*Sauti ya kukaanga, kama mafuta ya mikate, gesi ikiwa yote.* Inalipuka kabla ya wakati wake. Propela nzito mno, au mchanganyiko mkavu, au nitromethani nyingi kwa injini hiyo. Punguza gesi papo hapo. Ukiiacha inaweza kurudisha teke, kulegeza nati na kurusha propela.

*Inakula buji.* Mara nyingi sababu ni ileile ya juu. Angalia propela na sindano kabla ya kulaumu buji.

*Inalia kali, mizunguko 14,000 au 15,000 chini, lakini ndege inatambaa.* Mzigo mwepesi au hatua ndogo mno. Ongeza kipenyo kwanza.

*Inatikisika mpaka bawa linaonekana mara mbili.* Zima. Usawazishaji, tundu lililokwenda pembeni, au kofia ya propela iliyopinda. Hakiki skrubu za kushikia injini pia, mtikisiko huzilegeza.

*Chini ni nzuri, angani inazimika.* Ulirekebisha kwenye kilele. Rudi hatua ya 5. Kama sindano iko sawa, tazama tenki: usawa wake uendane na kabureta, na mpira wa ndani usiwe umejikunja.

*Ilikuwa nzuri Julai, Oktoba haiondoki.* Hakuna kilichoharibika, ni hewa. Kipenyo kikubwa zaidi na hatua ndogo, sindano ifungwe kidogo, au ruka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

*Propela imegusa ardhi lakini "haina kitu".* Ina kitu. Ivunje vipande viwili kabla ya kuitupa, la sivyo kuna mtoto ataiokota jalalani, na wiki ijayo utaiona imefungwa kwenye ndege ya mtu mwingine.